Josho la Kwembago

1

Tunu alichomeka sindano kwenye gome la mwaloni, akavaa kisikizi, akasubiri kusikia mvua.

Ndivyo askari wa ndani ya miti walivyosikika wakiwa mezani: manyunyu juu ya bati, kwa mbali, ya kumtia mtu hamu ya uji na blanketi. Miaka yote aliyokagua miti ya Kwembago alikuwa akiyasikia manyunyu hayo, na mara moja moja, Mungu amsamehe, alisinzia amesimama vivyo hivyo, shavu limeegemea mti, mpaka watu wakaanza kuulizana kama Daktari wa Magogo, ndivyo walivyomwita, ana bwana huko msituni.

Leo mvua haikuwepo. Kulikuwa na sauti nyingine, kavu. Kama mtu anayechana shuka kuukuu, uzi kwa uzi, taratibu, asitake wenye nyumba wajue.

Alihamia mti wa pili. Shuka. Wa tatu. Shuka.

"Daktari!" Dada yake Mwanahawa alimwita kutoka chini ya mteremko, brashi mkononi, kanga imekazwa kiunoni kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi. "Amekukataa leo? Mbona umenuna?"

Wanawake wenzake wakaangua kicheko. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi, ulikuwa umepamba moto. Kila kaya ilikuwa kwenye kipande chake cha Ukuta, maana ndivyo walivyouita msitu ule wa mialoni ulioshika mlima juu ya nyumba zao. Watu walikuwa wakisugua magome, wakichuma uyoga uliothubutu kuchomoza tangu Jumamosi iliyopita, wakiokota vijiti vilivyokufa na kuvichoma, kisha wakipaka mashina chokaa hadi mkono unapofika. Ukuta wote uling'aa kama kambi ya jeshi inayosubiri mgeni. Kule Kwembago, kipande chako cha miti kilieleza tabia yako kuliko jiko lako. Kuna mchumba aliachwa kwa sababu ya tawi bovu.

Tunu alitoa keekee ndogo, akatoboa shina, akavuta kijiti cha mbao chembamba kama penseli. Alikiweka chini ya lenzi.

Askari walikuwepo, maelfu, minyoo isiyoonekana kwa macho, myembamba kuliko unywele, kila mmoja na mkuki wake mdomoni. Ule mkuki ulitengenezwa kwa kazi moja: kuchoma nyuzi za kuvu inayoozesha moyo wa mti, na kunyonya. Tunu alizitafuta nyuzi hizo za kuvu. Hakuona hata moja. Aliona askari wamejipanga kwenye mbao mbichi, mikuki imezama kwenye nyama ya mti wenyewe, wakinyonya kimya kimya.

"Askari wetu hawajambo?" Mwenyekiti Shebughe alikuwa amesimama nyuma yake, suruali imekunjwa, miguu mitupu kama wote, maana hakuna aliyeruhusiwa kuingia Ukutani na viatu. Miguu ya Mwenyekiti ilikuwa gumzo. Ilikuwa laini na ya kung'aa kama maandazi yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Aliipaka vaselini asubuhi na jioni.

"Wana njaa, Mwenyekiti."

"Askari gani wa nchi hii hana njaa?" Shebughe alicheka, akampiga begani, akaenda zake kukagua mashina.

Tunu hakucheka. Alitazama juu. Kwenye matawi ya juu kabisa, ambako brashi za watu hazikufika, majani yalikuwa yameanza kuwa ya rangi ya chai ya maziwa.

Katika Mwaka wa Matope mlima ulivua ngozi yake na kuifunika Kwembago ya zamani, shule, msikiti na soko vyote kwa pamoja. Waliobaki walipewa mialoni iliyotengenezwa maabara, miti ya mbali iliyofundishwa kukua haraka na kufumana mizizi kama wavu wa chini ya ardhi. Ilifanya kazi. Ila mti wa haraka una mbao laini kama mkate, na mkate huvunda. Kwa hiyo kila mche ulichomwa sindano ya askari, na mbawakawa wakafanywa gari lao la kuhamia mti hadi mti. Waliowatengeneza waliapa kwamba askari watakula kuvu tu. Hawakusema watakula nini kuvu ikiisha. Huenda hawakufikiri kuna mahali chini ya jua ambapo kuvu inaweza kuisha. Hawakuwajua watu wa Kwembago.

Jioni wakati wa kutoka, watu walipanga mstari kwenye josho. Lilikuwa birika la zege lililochimbwa kama lile la ng'ombe, limejazwa maji ya chokaa na dawa, mahali pekee pa kuingilia na kutokea Ukutani. Unapita kwa miguu, ukienda na ukirudi. Chokaa ile ilikuwa haina adabu. Mwanahawa alikuwa na magaga ambayo ungeweza kuficha shilingi ndani yake, na kila alipokanyaga maji alipiga yowe la kuamsha wafu.

"Yalaaa! Nakufa mimi!"

"Kila Jumamosi unakufa," Tunu alimwambia, "na kila Jumapili unakuja kukopa chumvi kwangu."

2

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyeishi na mialoni yake nje ya josho, upande wa pili wa korongo, na kipande chake cha mialoni kilikuwa aibu ya Kwembago nzima. Wageni walipokuja walizungushwa njia ndefu wasikione. Mzee Kaoneka alikuwa na mgongo. Mgongo huo ulimuuma Jumamosi tu, ukapona kabla ya ngoma ya usiku.

Tunu alimkuta amejilaza kwenye mkeka, kofia usoni.

"Mzee Kaoneka, shikamoo."

"Marahaba. Kama ni msaragambo, naumwa."

"Leo Jumatatu."

"Basi sijambo. Karibu."

Tunu alitazama huku na huku. Uyoga ulikuwa umeota kwenye mashina kama masikio ya tembo, mwingine juu ya mwingine. Matawi yaliyoanguka yalilala yalipoangukia, yamevimba maji, yakigeuka unga wa kahawia kama ugoro. Harufu ilikuwa ya chini ya mtungi.

"Hapa palifagiliwa lini mara ya mwisho?"

"Pafagiliwe nini?"

"Chini, Mzee."

"Chini si ndiko vitu vinakoangukia? Nikifagia vitaangukia wapi?"

Tunu alichomeka sindano kwenye mti wa karibu, akavaa kisikizi, na mvua ikamnyeshea masikioni, nzito, ya masika, ya kujaza mapipa. Aliinua kichwa. Juu, majani yalikuwa ya kijani kibichi mpaka yalikuwa kama yanatukana.

Alitoboa, akatazama kwenye lenzi. Kuvu ilikuwepo, nyuzi nyeupe zikipanda kutoka mizizini, na askari walikuwa juu yake kama harusi juu ya pilau. Wanakula, inaota, wanakula, inaota. Hakuna aliyekuwa na muda wa kuugusa mti.

"Mzee, miti yako ndiyo mizima kuliko yote Kwembago."

Kaoneka aliiondoa kofia usoni polepole. Akaketi. Tunu alijuta palepale.

"Rudia."

"Nimesema..."

"Nimesikia ulichosema. Nataka ukaseme mbele ya Shebughe. Simama hivyo hivyo, useme kwa sauti hiyo hiyo. Na mimi nitakuwa nimekaa, kwa ajili ya mgongo." Uso wake wote ulikuwa umefunguka kama mlango wa duka. "Nilikuwa najua. Moyoni nilikuwa najua kwamba kuna siku usingizi wangu utaheshimiwa."

"Hukujua chochote, Mzee."

"Sikujua," alikubali kwa furaha. "Lakini nilifanya."

3

Mkutano uliitishwa kwenye ghala la viazi. Kulikuwa na chuma cha reli kilichoning'inia mlangoni. Kikipigwa, kila mtu aliye hai alitakiwa afike.

"Kwembago!" Shebughe alianza.

"Safi!"

"Uchafu?"

"Mauti!"

Tunu alisimama na kuwaeleza. Aliwaambia kama unavyowaambia watu unaokula nao: kwamba wamewafagilia askari sahani mpaka wameanza kula meza. Kwamba njaa hii ikiendelea, Ukuta wote utakufa, na mizizi iliyokufa haishiki kitu. Kwamba dawa ni kuirudisha kuvu, na kuvu imebaki kwa Mzee Kaoneka peke yake.

Kaoneka, aliyejitengenezea kiti cha magunia mbele kabisa, alipungia watu mkono.

Kelele zilizofuata hazifai kuandikwa. Shebughe aliziacha zishuke zenyewe.

"Daktari," alisema. Hakukuwa na mzaha sasa. "Unaniambia nichukue ugonjwa, niupake kwenye mti uliosimama juu ya kichwa cha mtoto."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Tukiupaka, miti yote itapona?"

Hapo Tunu angeweza kudanganya, na baadaye alijiuliza sana kwa nini hakudanganya. "Yenye nguvu itapona. Iliyo hoi, kuvu itakimbia haraka kuliko askari. Itaoza kabla hawajazaliana vya kutosha. Itaanguka."

"Iliyo hoi iko wapi?"

Tunu alitazama sakafu. "Juu ya Mstari wa Chini."

Mstari wa Chini ulikuwa safu ya nyumba zilizobanwa kwenye kitako cha mteremko, na katikati ya safu ile ilikuwa nyumba ya Mwanahawa. Mwanahawa alikuwa amekaa karibu na mlango, mjukuu wake amelala mapajani. Alikuwa anachokonoa gaga lake kwa njiti ya kiberiti kama mtu ambaye habari hizo zinamhusu jirani.

"Watu wa Mstari wa Chini wahamie hapa ghalani," Tunu alisema haraka. "Wakati wa masika tu."

"Tukae na viazi mpaka lini?" mtu alipaza sauti. "Tuanze kuchipua?"

Walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Shebughe hakucheka kabisa. Kila mtu mle ndani alijua kwamba Mwaka wa Matope alichimba kwa mikono yake mpaka kucha zikang'oka, akapata kiatu kimoja cha binti yake. Kiatu, basi. Tangu hapo alikuwa mtu wa kusafisha.

"Mimi," alisema, "siwezi kuweka uozo Ukutani kwa mkono wangu. Mti ukifa wenyewe, nitamuuliza Mungu. Mti ukifa kwa mkono wangu, nitamuuliza nani? Nasema hapana. Nanyi semeni."

Mikono iliinuka. Ilikuwa mingi. Mwanahawa hakuinua wake, lakini hakuna aliyeangalia huko.

"Na kwa kuwa tumejua uozo unatoka wapi," Shebughe alimalizia, "Jumamosi hii msaragambo wote ni kwa Kaoneka. Tunasafisha mpaka mizizi."

Kaoneka alishika mgongo wake. Safari hii ilionekana unamuuma kweli.

4

Jumamosi kulipambazuka na ukungu mzito. Kujaza josho ilikuwa kazi ya Tunu, na siku zote aliifanya peke yake, kabla watu hawajafika.

Alikuwa na mifuko miwili. Mmoja ulikuwa wa chokaa na dawa. Mwingine ulikuwa wa kwake, wa nyumbani, unga wa muhogo.

Ni vizuri ieleweke kwamba Tunu hakuwa mvunja sheria. Alikuwa mtu wa kupanga foleni hata akiwa peke yake. Waliulizwa, wakakataa, na walikuwa na haki ya kukataa. Miti ilikuwa yao na vichwa vilikuwa vyao. Alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba leo, kabla ya adhuhuri, kuvu ya mwisho itakuwa imekwanguliwa na kuchomwa, na baada ya hapo hata wakibadili mawazo, hata wakimjia wakilia, hatakuwa na kitu cha kuwapa. Watu wote wa Kwembago watakufa wakiwa safi.

Na kama angemimina ule mfuko mwingine, wa unga, ni nani angekufa, alimjua kwa jina. Alimjua kwa yowe.

Alikaa kwenye ukingo wa birika, mfuko mmoja kila upande, kama mama mwenye mapacha wanaolia pamoja. Ukungu ukaanza kukatika. Kule bondeni akasikia nyimbo, na mabrashi yakigongana.

Alimimina unga wa muhogo. Maji yakawa meupe, meupe kabisa, huwezi kutofautisha. Kuvu inapenda wanga kuliko mtoto anavyopenda sukari. Chokaa aliifukia chini ya majani.

Walikwenda kwa Kaoneka wote. Walikwangua, walipangusa, walivunja masikio ya tembo na kuyatupa motoni, wakaimba. Mzee wa watu alikaa mkekani akitazama kama mtu anayenyolewa kwa nguvu. Unga wa kahawia, mbegu ya kuvu, ulijaa hewani, ukatua kwenye nywele, kwenye kanga, kwenye miguu mitupu. Ulijaa kwenye magaga.

Walipomaliza, walirudi kumalizia vipande vyao Ukutani. Njia ilikuwa moja, kupitia josho.

Shebughe alipita wa kwanza. Aliingiza miguu yake ya maandazi kwenye maji meupe, akatoka upande wa pili, akakanyaga udongo wa Ukuta. Alisimama hapo kando kuhakikisha kila mtu anaoga vizuri.

Walipita mmoja mmoja. Tunu aliitazama miguu. Ilikuwa inatoka kwenye uji ikiwa na utando mweupe uliobeba chembe za kahawia, ikapanda mteremko, kila mtu kwenye kipande chake, ikizishindilia chembe udongoni, mizizini, mahali brashi haifiki.

Mwanahawa akafika. Akaweka mguu wa kwanza, na kwa kitambo kidogo uso wake haukuwa na kitu. Akamtazama Tunu.

Kisha akapiga yowe. "Yalaaa! Nakufa mimi!"

Aliyemfuata naye akapiga yowe, na mwingine, na mwingine, wanawake wote wa Mstari wa Chini, mmoja baada ya mwingine, mpaka Shebughe akaziba masikio akicheka. Mazoea, Tunu alijiambia. Mazoea tu.

5

Kwanza alisikia tone. Moja, kwenye kipande cha Shebughe mwenyewe, halafu kimya, halafu matone mawili. Mialoni ya haraka ina haraka hata katika kuugua. Kabla ya mawingu ya masika kupanda, karibu kila mti wa juu aliouchomeka sindano ulikuwa ukinyesha, na matawi ya juu yalikuwa yamechomoza vijani vipya vyekundu kama vidole vya mtoto. Shebughe alivionyesha kwa wageni. Usafi wa kwa Kaoneka umelipa, alisema.

Tunu akashuka Mstari wa Chini.

Pale pia kulinyesha. Lakini chini ya mvua kulikuwa na kitu kingine, kizito, cha mbali, kama mtu anayegonga gogo tupu kwa ngumi na kusubiri kuitikiwa. Alisikiliza mti baada ya mti. Ngumi. Ngumi. Ngumi.

Alipogeuka kuondoka ndipo alipotambua kilichokuwa kikimsumbua tangu ashuke. Hakukuwa na watoto. Safu nzima ya nyumba, hakuna mpira wa makaratasi, hakuna kilio, hakuna aliyemwita Daktari wa Magogo na kukimbia.

Alasiri ile anga lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mapaa. Alikwenda kwake, akakunja godoro, akalitwika kichwani, akashuka nalo hadi kwa dada yake.

Mwanahawa alikuwa anapepeta mchele. "Umefukuzwa na nani? Yule bwana wa msituni?"

"Nimekuja kulala."

"Una nyumba."

"Dada, nimekuja kulala hapa, masika yote. Usiniulize."

Mwanahawa aliweka ungo chini. Mzizi wa mwaloni ulikuwa umepita kwenye kona ya jiko lake miaka mingi, mnene kama paja, naye aliufanya kiti. Aliukalia sasa, akanyoosha miguu.

"Ulitupaka uji, mdogo wangu."

Tunu alibaki na godoro kichwani.

"Yale maji yameniuma miaka yote. Siku ile hayakuuma. Magaga haya hayajawahi kunidanganya, wanaume wamenidanganya, lakini magaga hapana."

"Mbona ulipiga yowe?"

"Shebughe si alikuwa amesimama pale? Ningenyamaza angeuliza. Yeye mwenyewe hawezi kujua, miguu ile haijui dunia." Alisugua kisigino. "Wenzangu nao wakaelewa. Hatukuzungumza. Tulipiga yowe."

"Ulisikia mkutanoni nilichosema. Kuhusu miti hii."

"Mimi si kiziwi, Tunu."

"Sasa kwa nini ulipita?"

Mwanahawa alifikiri, au alijifanya anafikiri. "Kuna kuangukiwa peke yetu, na kuna kuangukiwa na Kwembago nzima. Mimi sipendi msongamano."

Tunu alitaka kucheka, kikamtoka kitu kingine. Alilishusha godoro. "Watoto wako wapi?"

"Mstari wa Juu. Kwa mashangazi. Tumesema wana kifaduro."

"Na nyie je? Mnakaa hapa kwa nini?"

"Watoto wakiugua hakuna wa kushangaa. Tukihama na sisi wazima, na vyungu, na mbuzi, Shebughe ataniuliza: Mwanahawa, umejuaje? Nitamwambia nini? Atalichunguza lile josho. Atakupeleka mbali, na hao minyoo wako atawasikiliza nani?" Aliokota ungo wake. "Kwa hiyo tunakaa. Weka godoro lako pale, pasipovuja."

Tunu alisimama katikati ya jiko. Tangu Jumamosi ile alikuwa amejibebesha lawama kwamba amewaweka chini ya miti. Alikuwa amelia kwa hilo, akakonda kwa hilo, na leo alikuwa amekuja na godoro kulilipia. Hakuwa amejua kwamba miti ilikuwa nusu tu ya kilichowashikilia pale. Nusu nyingine ilikuwa ulimi wake alioufunga.

Alichomeka sindano kwenye mzizi. Manyunyu. Ngumi. Kisha, katikati ya ngumi mbili, sauti fupi, kavu, kama kidole kinachovutwa kikalia.

Nje, tone la kweli lilipiga bati.

Aliacha sindano ikining'inia mzizini, akatoka mbio. Alipanda njia ya matope bila viatu, akipita milango ambayo wanawake walikuwa wamesimama wakimtazama, akafika kwenye ghala, akashika nyundo, akakipiga chuma cha reli. Alikipiga kama anakidai. Watu walitoka wakijifunika magunia. Shebughe alikuja akiwa na mwavuli, miguu imepakwa mafuta kwa ajili ya jioni.

"Kuna nini, Daktari? Nani amekufa?"

"Bado," Tunu alisema. Mvua ilikuwa inamwingia kinywani. "Siku ya kwa Kaoneka. Josho lile halikuwa na chokaa, Mwenyekiti. Nilitia unga wa muhogo. Nimeipanda kuvu Ukuta mzima kwa miguu yenu. Huku juu mnapona. Kule chini miti imeoza, na wale watu wamekaa chini yake wananifichia mimi. Nifanyeni mtakavyo kesho. Leo watoeni."

Shebughe alifungua mdomo. Lakini hakuwa anamtazama tena Tunu. Alikuwa anatazama nyuma yake, njiani.

Walikuwa wanapanda. Wanawake wa Mstari wa Chini na waume zao, wazee wamebebwa mgongoni, mbuzi wamefungwa kamba, na kila kichwa kilikuwa na kifurushi. Vifurushi vile havikufungwa sasa hivi. Vilikuwa vimebanwa vizuri, mafundo yamekazwa na kukauka, vyungu vimeviringishwa kwenye kanga, kamba zimeanza kushika vumbi. Vilikuwa vimefungwa tangu siku ile ya josho, vikasubiri nyuma ya milango mtu mmoja aseme.

Mbele alikuwa Mwanahawa, sindano na kisikizi vya mdogo wake vikining'inia shingoni, amekasirika.

"Umechelewa," alisema.

Shebughe aliutazama msafara wote mpaka mtu wa mwisho. Kisha polepole akainamisha kichwa, akaitazama miguu yake mwenyewe, ile iliyopita ya kwanza.

Kule chini kitu kikubwa kilivunjika, mara moja, bila papara. Halafu kingine. Watu waligeuka, lakini mvua ilikuwa imeshafunika bonde, na hakuna aliyeweza kuona imeanguka mingapi, wala kama mlima umeanza kusogea.